Majagi ya Tolliver

Kila mwaka, mvua za majira ya baridi zikishaanza kupunguza makali, Zulmira Furtado humpigia simu wifi yake na kumwambia maneno yale yale: "Funga mizigo, tunakwenda nyumbani."

Na kila mwaka Kerttu humjibu vile vile: "Nyumbani kwa nani? Si walishapachoma?"

Kisha wote wawili hucheka. Ni mzaha uliotumika mpaka ukalainika kama mpini wa jembe la zamani.

Siku hizi wanaishi bondeni, mbali na bahari, katika mji wa joto na maghala, kwa kuwa pwani walikozaliwa ilikwisha kununuliwa. Haikununuliwa kwa mkupuo. Nyumba moja leo, nyingine mwakani, na kila mnunuzi alikuwa mtu mwema mwenye mbwa mzuri, aliyekuja kulala humo mara chache kwa mwaka na kulalamika kwamba mafundi wa karibu hawapatikani. Fundi akae karibu wapi? Zulmira aliwahi kuuliza hivyo kwenye mkutano wa hadhara, akiwa amesimama juu ya kiti. Wakamwomba ashuke, kwa usalama wake.

Basi wenye pwani wakawa watu wa kuja wikendi, na chakula chao kwenye kapu, kama watalii.

Mwaka huu waliondoka Ijumaa, Kerttu akishika usukani. Ndiye aendeshaye siku zote. Zulmira hawezi kuendesha na kuhutubia kwa wakati mmoja, na kuhutubia hakuwezi kumtoka. Alisoma kwa kujifundisha mwenyewe, kwenye maktaba ya mji, kitabu baada ya kitabu, miaka aliyokuwa akipanga mbao mbichi kiwandani mchana kutwa. Viwanda vitatu vilimfukuza kwa sababu ya mdomo. Kiwanda cha samaki kilimfukuza kabla hajaanza, walikwisha kusikia.

Walipofika kwenye vilima, Kerttu alipunguza mwendo bila kuambiwa. Upande wa kushoto mlima mzima ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa kwa maua ya popi, na katikati yake michirizi ya zambarau, kana kwamba kuna mtu kapangusa brashi yake pale na kwenda zake.

"Hapa ndipo Herminio aliposema Mungu alikuwa akipita na kreti ya Fanta akajikwaa," Kerttu akasema, akizima injini.

"Kila mwaka alisema."

"Kila mwaka, na kila mwaka akadhani ndiyo mara ya kwanza kusema."

Herminio alikuwa kaka yake Zulmira na mume wa Kerttu, na ndiye aliyewafanya hawa wawili mawifi. Kabla ya hapo walikuwa majirani tu, watoto wa mji mmoja. Marehemu aliacha vitu vichache: koti la mvua, redio, na mzaha wa Fanta. Walikaa juu ya boneti, wakala mayai ya kuchemsha, wakamkumbuka kwa kutosema lolote. Kwa Zulmira hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

"Mwaka huu mimi nisimame wapi?" Kerttu akauliza ghafla.

"Wapi tena?"

"Kesho. Kwetu."

"Pale pale unaposimama siku zote. Nitakuonyesha. Kwani umeanza kuzeeka?"

Kerttu akatupa maganda ya yai kwenye majani. "Pengine," akasema.

* * *

Lazima ielezwe Tolliver ilikuwa nini, maana ukipita leo utaona uwanda wa nyasi juu ya jabali la bahari, na utasema lo, mahali pa amani hapa.

Palikuwa mji. Mwenye kampuni aliuita kwa jina lake, kwa kuwa kila kitu kilikuwa chake: kiwanda cha mbao, nyumba, duka, daktari, hata kengele ya kanisa. Mtaa wa juu walikaa Wareno waliohamia kutoka visiwa vya kwao, mtaa wa chini Wafini, na Waitalia walikaa karibu na kijito. Baba zao walikata ile miti myekundu mirefu kupita minara, wakaishusha kwenye meli kwa waya, na wengine wakashuka na waya pamoja. Miti mikubwa ilipokwisha, kampuni ikafunga kiwanda na kuwapa watu mpaka mwisho wa mwezi. Kisha nyumba zikachomwa, ili zisitozwe kodi. Haikuwa chuki. Zulmira angeheshimu chuki. Ilikuwa hesabu tu.

Alikuwa msichana wa darasa la tano. Walitazama kutoka barabarani, juu ya lori la mjomba, na mpaka leo anakumbuka lile pazia la jikoni lilivyopeperuka nje ya dirisha kabla moto haujalifikia, kama mkono unaoaga. Siku hiyo aliamua kukumbuka. Watoto wengine waliamua kuwa marubani.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mama yake, Deolinda, aliwarudisha watoto waone. Majivu yalikuwa yameoshwa na mvua. Na pale palipokuwa ngazi ya mbele, katikati ya weusi, yalikuwa yamesimama maua yake meupe, makubwa, kila moja limejikunja kama mdomo wa jagi lenye kidole cha njano ndani. Watu wa visiwani huyaita hivyo hivyo, majagi. Mama aliletewa mizizi yake na shangazi, imefungwa kwenye aproni, akaipanda kwa sababu hakuna kingine kilichostahimili upepo wa chumvi. Mama aliyatazama, akafuta miguu yake kwenye nyasi, mguu huu na mguu huu, akaingia ndani ya nyumba isiyokuwepo. "Ingieni," akawaambia wanawe. "Na atakayeniletea matope sebuleni atanitambua."

Tangu hapo ikawa desturi. Unatembea njia ya jabalini mpaka Tolliver, unaitafuta kila nyumba kwa maua yake, unataja wenyewe kwa majina. Kisha unafuta miguu, unaingia kwa mlango, si kwa ukuta, na unakula mkate mtamu sebuleni. Mwanzoni walikuja kwa malori. Wakaja kwa magari mawili. Wakaja watatu. Sasa wawili.

* * *

Walilala msituni, chini ya miti myekundu ambayo si ile. Ile ilibaki visiki, kila kisiki kipana kama chumba, na watoto wake wamesimama kukizunguka kwenye duara kama wafiwa. Chini kulikuwa na ua jeupe la petali tatu, lile linaloota kivulini na kugeuka waridi likizeeka. Asubuhi ukungu ulidondoka kutoka matawini ingawa hakukuwa na mvua, na Kerttu akachemsha kahawa ya Kifini, nyeusi kama lami.

"Unajua," Zulmira akaanza, akikipiga kisiki teke la upole, "wapenda miti walipokuja na mabango yao, walimzomea baba yangu. Baba! Mtu wa vidole saba! Yule mwenye hisa, asiyewahi kushika msumeno hata wa kukatia jibini, hawakumzomea. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu hawakujua anakaa wapi."

"Kwa sababu hawa—" Zulmira akakatika. "Hilo ndilo nililotaka kusema."

"Najua. Nenda kanawe uso."

Alikwenda kunawa uso, na huko, kwenye ubao wa matangazo karibu na vyoo, ndipo alipoliona tangazo. Karatasi ya kijani, yenye picha ya mkono uliovaa glavu: *Jumamosi hii! Siku ya kung'oa mimea vamizi, uwanda wa Tolliver. Tuyarudishie maua ya asili nyumba yao. Supu ipo.* Na chini yake, kuonyesha adui, palikuwa na picha ya ua. Lilikuwa jagi.

Alirudi mbio na mswaki bado mdomoni.

"Wanamng'oa mama," akasema.

"Nani?"

"Leo! Sasa hivi! Na supu wanakunywa!"

Kerttu alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Halafu akasema kitu ambacho Zulmira alikipita bila kukiona, kama unavyopita jiwe gizani. Alisema, "Labda wana sababu, wifi."

"Sababu! Kampuni nayo ilikuwa na sababu. Washa gari."

Barabara ya kwenda pwani ni kona tupu. Zulmira alishika mpini wa juu ya mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapanga hotuba. Alikuwa na fungu la "nyumba yao," alikuwa na fungu la glavu. Katika maisha yake yote alishindwa mapambano mengi kuliko aliyoshinda, na mara zote alishindwa akiwa na hotuba nzuri. Lakini hili, alijiambia, hili hapana. Hawakuacha mlango. Hawakuacha kaburi, makaburi yalihamishwa. Yakitoka yale maua, Deolinda Furtado hakuwahi kuishi duniani, na yeye Zulmira ni bibi kichaa anayekula mkate kwenye nyasi.

"Vuta pumzi," Kerttu akamwambia. "Ukinifia kwenye kona, nitakuacha umeketi hapo hapo mpaka nimalize kahawa."

"Nikifa ni kwa sababu ya mwendo wako. Konokono katupita."

"Huyo ni wa asili. Ana haki."

Zulmira hakutaka kucheka, akacheka, akakasirika zaidi.

* * *

Kutoka maegesho mpaka Tolliver ni mwendo wa miguu juu ya jabali, na goti la Kerttu lilikuwa bovu. Zulmira alitangulia, akarudi, akatangulia, kama mbwa anayechunga kondoo mmoja. Miaka mingine wangesimama kila hatua. Maua ya irisi ya zambarau yalikuwa yamefunguka pembezoni mwa njia, stroberi za mwitu zimetandaza vijiua vyao vyeupe mchangani, na baharini, karibu kabisa, nyangumi jike alipuliza maji, na pembeni yake mtoto akapuliza kamvuke kadogo, wakielekea kaskazini bila haraka.

Kerttu akasimama. "Tazama. Mama na mwana."

"Watapita tena mwakani! Twende!"

"Wao watapita," Kerttu akasema, na akaongeza mwendo.

Njia ilipokunja, wakauona uwanda. Watu kama kumi, wameinama. Nyuma yao udongo mweusi ulioparuliwa, na marundo meupe ya majagi, yamelala vichwa huku na huku kama mabata waliochinjwa kwa harusi. Walikuwa wameanzia kijitoni na kupanda. Sehemu ya Waitalia ilikuwa imekwisha. Mtaa wa chini, nusu. Lakini juu kabisa bado palisimama lile zulia refu, nene, jeupe, linaloshuka kutoka kwenye ngazi ya mama. Lilikuwa pana mno sasa. Zulmira alikuwa akijivunia upana huo kila mwaka. "Mama kateka mtaa mzima," angesema, "na bila bunduki."

Hakumwamkia mtu. Alipita katikati yao, akafika mahali pake, akafuta viatu, mguu huu na mguu huu, akaingia, akaketi chini katikati ya sebule, akatoa mkate.

Wenye glavu wakatazamana. Kijana mmoja mwenye miwani akamsogelea kwa heshima.

"Samahani, bibi, hapa tuna—"

"Umepita ukutani!"

Kijana akaruka nyuma. "Nini?"

"Umeingia kwangu kwa ukuta, kwenye kabati la vyombo! Toka! Mlango uko kule. Na kwa mlango pia sikukaribishi, ni mgomo huu. Nenda kamwite mkubwa wako."

Mkubwa wake alikuja mwenyewe: mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kofia ya besiboli na uma wa kuchimbia begani. Alisimama nje, akauangalia mkate, akaliangalia goti la Kerttu aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema.

"Mlango uko wapi?" akauliza.

Zulmira hakulitarajia swali hilo. "Hapo. Mbele yako."

"Hapa?" Mwanamke akafuta buti zake kwenye nyasi, akaingia, akachuchumaa. "Naitwa Roberta. Nasikia nimegomewa."

"Nimezaliwa hapa," Zulmira akasema, na hotuba ikaja yote, kampuni, kodi, moto, pazia, aproni ya shangazi, mwenye hisa, mbwa wazuri wa watu wema. Ilikuwa hotuba nzuri. Watu kadhaa waliacha kung'oa wakasikiliza. "Na sasa," akamalizia, "mnakuja na supu kutuambia sisi wavamizi. Walituchomea nyumba, dada! Hili ndilo lililobaki!"

"Pole," Roberta akasema, na ilionekana anamaanisha. "Na zetu zilichomwa kabla zenu hazijajengwa. Sasa tufanyeje, tupange foleni?"

Upepo ukapita juu ya majagi.

"Mimi ni Mpomo, wa kabila lililokaa hapa kabla yenu," Roberta akaendelea. "Nyanya yangu alichimba viazi hapa. Si viazi vya dukani. Unaona yale?" Alionyesha ukingo wa zulia, na pale, mahali majagi yalipokoma, vilisimama vijiua vya samawati juu ya mabua membamba kama nyuzi. "Chini ya kila kimoja kuna kijiazi, kitamu kama njugu. Nyanya alichimba vikubwa, akaacha vidogo, mwakani anarudi. Alikuwa akija hata mji wenu ulipokuwa hapa. Alipita nyuma ya nyumba zenu na kikapu."

Zulmira akafungua mdomo. Akakumbuka. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu, nyuma ya uzio, na mama akinyanyua mkono kumwamkia kutoka kwenye kamba ya nguo. Kwa miaka yote hii alikuwa amekumbuka pazia, kengele, bei ya unga dukani, na yule mwanamke alikuwemo humo humo ndani ya kumbukumbu bila kazi yoyote. Hilo lilimchoma, lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri kwa kuchomwa.

"Basi chimbeni kule," akasema. "Niachieni hapa. Kipande cha sebule. Mama hakumkosea mtu."

"Mama hakukosea. Jagi ndilo halikai kipande. Linatembea." Roberta akamgeukia Kerttu. "Na wewe, mama? Nawe wa hapa?"

"Huyu ni wifi yangu," Zulmira akajibu kwa niaba yake. "Kwao ni pale, chini kidogo. Kina Lahti. Penye maua ya narkisi."

"Wapi?" Roberta akauliza.

"Pale! Kerttu, mwonyeshe mlango wenu."

Kerttu alikuwa bado nje, mkono kwenye goti. Alitazama mahali Zulmira alipoonyesha. Yalikuwa majagi matupu, yamefika kiunoni.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui mlango wetu uko wapi, Zulmira."

Alimwita kwa jina. Kerttu humwita wifi hata akiwa amelala.

"Acha mchezo. Unasimama hapo kila mwaka!"

"Nasimama unaponiambia nisimame. Nafuta miguu unaponiambia nifute. Narkisi za mama yangu zilianza kupungua wakati Herminio yuko hai. Zikawa tatu. Ikawa moja, inachungulia katikati ya majani haya. Halafu ikawa hakuna. Haya yamezimeza."

"Na hukusema?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Kila mwaka. Wewe ulikuwa unahutubia."

Yule kijana mwenye miwani aligundua kuwa ana kazi muhimu sana mahali pengine.

Zulmira aliketi na kipande cha mkate mkononi. Alimwangalia wifi yake, mwanamke aliyemfahamu tangu wote wawili hawana meno ya mbele, na akayarudia majira ya kuchipua moja baada ya jingine, Kerttu akiinua mguu huu na mguu huu, kwa adabu, kwenye mlango usiokuwa wake, akiingia katika nyumba iliyoota kichwani mwa mtu mwingine. Akitabasamu. Akipokea mkate. Na yeye pembeni yake akitaja majina, Furtado, Furtado, Furtado.

Alijua jina la kitu hicho: ni kumnyang'anya mtu kwao. Amelipigia kelele maisha yake yote, juu ya viti.

"Nipe huo uma," akamwambia Roberta.

"Unataka kunichoma nao?"

"Nipe. Mama yangu hang'olewi na kijana anayepita kwenye kabati."

* * *

Jagi halitoki kirahisi. Shina lake ni la maji, linakatika, lakini mzizi ni mnene kama mkono wa mtoto na umeshikana na mwenzake. Zulmira alichimba kwa magoti, akatukana Kireno, lugha ambayo siku hizi ameihifadhi kwa matusi na sala. Utomvu ulimwasha viganja.

"Usilambe vidole," Kerttu akasema, akivuta majani upande wa pili.

"Nilijua kabla yako. Mama alinizaba kibao kwa sababu hiyo."

"Alinizaba mimi. Wewe ndiye uliyenilambisha. Ulisema ni sukari."

"Ulikuwa mjinga."

"Nilikuwa na miaka sita!"

"Na meno hukuwa nayo. Ungelamba chochote."

Roberta alichimba nao, akijaribu kutocheka. Walifuata mteremko kutoka ngazi ya Deolinda kwenda chini, kwa makisio ya Zulmira, na makisio ya Zulmira hayakutoa kitu. Udongo tu, minyoo, kipande cha sahani. Zulmira akachomeka uma udongoni. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

Kerttu akainuka. Aliipa bahari mgongo, akasogea, akafumba macho. "Nikiwa kitandani nilisikia kengele sikio hili," akasema, "na kiwanda sikio hili." Akajigeuza polepole, kama mtu anayejaribu nguo. Akapiga hatua kushoto, mbali sana na pale aliposimamishwa miaka yote, mbali kabisa, akakanyaga. "Hapa. Jaribuni hapa."

Uma ulizama, ukazama tena, na mara ya tatu ukalia.

Wote watatu walisikia. Chuma juu ya chuma. Zulmira akatupa uma akachimba kwa vidole, na kikatoka udongoni ukingo mwekundu wa kutu, mrefu kiasi cha dhiraa, umesimikwa kwenye jiwe pande zote mbili, na meno yake yakielekea chini. Kilikuwa kipande cha msumeno wa kiwandani. Baba yake Kerttu alikiokota ulipovunjika, akakisimika mbele ya mlango kiwe cha kukwangulia buti, maana mkewe alikuwa mkali kuliko kampuni. Mtaa mzima wa chini walisikia jioni wanaume wakirudi: *krrr*, mguu huu, *krrr*, mguu huu. Deolinda alisikia, akaona wivu, akawafundisha wanawe kufuta kwenye nyasi.

Kwa hiyo hata hiyo desturi ilitoka kwa kina Lahti. Zulmira alilimeza hilo nalo.

Karibu na jiwe, palipokuwa giza chini ya majani mapana, vilitokeza vijani vyembamba, vya njano kwa kukosa jua, bapa kama utepe. Havikuwa na ua. Kerttu alivigusa kwa ncha ya kidole.

"Narkisi," akasema. "Zipo. Zilikuwa zimenyamaza tu."

Zulmira akamtazama Roberta, na kwa mara ya pili siku hiyo akauliza badala ya kudai. "Na hizi?"

Roberta alikuna shingo chini ya kofia. "Hizi hazitembei," akasema. "Mimi nimeambiwa ning'oe vinavyotembea."

Waliendelea mpaka jua likapinda. Zulia lilikwisha, na uwanda ukabaki mweusi, wa ajabu, kama mdomo ulionyolewa sharubu. Zulmira alitenga mizizi kadhaa, akaipangusa, akaitia ndani ya mfuko wa mkate.

"Utaipanda wapi?" Roberta akamwuliza.

"Kwenye ndoo. Kibarazani kwangu."

"Ndoo ya chuma," Kerttu akasema. "Yenye mfuniko."

"Mama yangu jela, wifi?"

"Kifungo cha nje. Atakuwa anaona jua."

Wifi. Zulmira alilisikia, na hakulitolea hotuba.

Roberta alikwenda kunywa supu, wenzake wakamfuata na marundo yao. Wale wawili walibaki. Kerttu alikwangua viatu juu ya msumeno wa baba yake, *krrr* na *krrr*, akaruka jiwe kwa goti lake bovu, akaingia kwao. Alizunguka ndani taratibu. Aligusa kitu ukutani, labda koti. Akasimama pale palipokuwa dirisha linalotazama bahari, ambalo Zulmira, baada ya kuikumbuka Tolliver nzima kwa niaba ya wote, hakuwahi kujua kwamba lilikuwepo.

Zulmira alikuwa ameshika mkate uliobaki. Alikwisha kuinua mguu aingie, kama alivyoingia siku zote nyumba za watu. Akaushusha.

"Hodi," akasema.

Akapaza sauti.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Wifi yako."

"Wifi gani? Nina mawifi wengi."

"Unaye mmoja, na mkono unamwasha, na ana njaa."

"Ana matope," ikajibu sauti kutoka dirishani, bila kugeuka. "Mwambie akwangue miguu kwanza. Yote miwili. Na akiingia, leo ananyamaza. Leo nitataja majina mimi."

Zulmira Furtado akaweka mguu juu ya ukingo wa kutu, akakwangua.